Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Daftari la Ardhi na Mengineyo

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha wakulima, viongozi wa kijiji mliofika, wazee wetu, itifaki imezingatiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mbegu za mpunga ziligawiwa kwa waliolipia, mfereji ulizibuliwa mara mbili, tulizika wanachama watatu na rambirambi zilifika. Mizinga bado haina nyuki. Mengine atayasoma Katibu.

Nije kwenye kabati, lile la chuma la kutunzia hati na daftari la ardhi la kijiji, tulilonunua kwa michango yenu. Najua ndilo lililowaleta wengi leo, maana kule nyuma naona sura ambazo sikuziona mwaka mzima. Najua pia kwamba kijiweni naitwa Mzee wa Kabati. Sawa.

Mnakumbuka ile Programu ya Kuwezesha Umilikishaji Ardhi, iliyofadhiliwa na Uingereza, Sweden na Denmark, ilivyopita katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Wapimaji walikuja na vishikwambi, mipaka ikapimwa, tukapewa hati za hakimiliki za kimila. Nakala moja ya mwenye shamba, moja ya kijiji, moja ya wilaya. Tulipiga vigelegele na mradi ukaondoka. Tangu siku hiyo ardhi imeendelea kutembea, daftari limekaa palepale. Mtu anauza ekari mbili kwa karatasi ya kurarua, mjumbe anasaini, mnunuzi anaifungia sandukuni. Mzee anafariki, watoto wanagawana kwa kuhesabu hatua, mirathi Mahakama ya Mwanzo hawaendi, hati inabaki na jina la marehemu.

Mwezi wa saba shamba moja la bondeni liliuzwa, na mwezi wa tisa likauzwa tena kwa mtu mwingine. Wanunuzi wote wawili wana karatasi zenye saini, na hati yenyewe ina jina la babu wa muuzaji, aliyezikwa zamani. Familia hizo zimo humu ndani, sitazitaja. Nilikaa nao siku mbili mimi mwenyewe, bila posho.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema daftari la ardhi ni la Halmashauri ya Kijiji, na mtunzaji wake ni Mtendaji wa Kijiji. Kwa hiyo wanaosema “hiyo ni kazi ya serikali” wana haki yao. Lakini twendeni tukaone masjala, yaani chumba cha kutunzia hati, ilivyokuwa. Hati zilikuwa kwenye boksi la mafuta ya kula, paa linavuja, mchwa wameshafika kitongoji cha pili kwa mpangilio wa alfabeti. Mtendaji tumebadilishiwa mara tatu, na kila anayekuja anakabidhiwa boksi. Mngengoja bajeti ya nani?

Kamati ikaamua, na mimi nikasaini, kwamba shilingi 3,800,000 tulizochanga kwa ajili ya pawatila, ile trekta ndogo ya kulimia, zianze na masjala. Zimetumika 3,265,000: kabati la chuma 1,150,000, madaftari na mihuri 175,000, paa, nondo na mengineyo 1,940,000. Zimebaki 535,000. Neno “mengineyo” limezua maneno. Risiti anazo Mhazini. Mwenye mashaka aende nyumbani kwake mchana, asiende kwa mama muuza chapati.

Mnauliza kwa nini hatukuitisha mkutano. Tuliitisha. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama, na sisi tuko 142. Mkutano wa Machi walikuja 31. Wa Juni walikuja 44, na baadhi yao waliondoka uji ulipokwisha. Akidi ni 71. Mvua haingojei akidi. Wanaolalamika kwa sauti kubwa kwamba hawakushirikishwa nimewatafuta kwenye mahudhurio ya siku zote mbili, hawamo.

Sasa utaratibu tuliokubaliana na Halmashauri ya Kijiji. Daftari jipya lina ukurasa mmoja kwa kila kipande cha ardhi, kwa namba ya upimaji, si kwa jina la mtu. Watu wanakufa, wanahama, wanaoa. Kipande kinabaki palepale, na chini ya namba yake unasoma nani alimpa nani, lini, na kwa njia gani. Wazo hilo inasemekana ni la Katibu. Katibu aliandika muhtasari, na aliuandika vizuri. Wazo nililitoa mimi.

Anayeuza anajaza fomu, tangazo linabandikwa ofisini siku 21, majirani wa mipaka wanasaini, mwenza wake anasaini, kisha Halmashauri inakaa. Ikikubali, Mtendaji anaandika na hati ya zamani inarudishwa. Tangu Oktoba yameandikwa mabadiliko tisa. Mauzo mawili yalikwama kwa sababu wake hawakuwa na habari. Mmoja alilisoma tangazo akitoka kisimani. Kuhusu ile asilimia kumi ya mauzo inayodaiwa na kijiji, ambayo imefanya watu wauziane usiku, tumependekeza ada moja ya kudumu. Jibu bado. Sitasema zaidi kwa kuwa waheshimiwa wako mbele yangu.

Vijana walitaka kurasa zipigwe picha zirushwe kwenye kundi letu la simu. Nimekataa. Mle mna namba za vitambulisho vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Funguo ni mbili: ya Mtendaji na ya Mwenyekiti wa Kijiji. Ile ya tatu nilikaa nayo siku tatu tu, fundi alipokuwa anapaka rangi.

Ada. Shilingi 12,000 kwa mwaka, bei ya kuku mdogo. Wamelipa 55, jumla 660,000. Wanadaiwa 87, jumla 1,044,000. Wajumbe wawili wa Kamati wamo kwenye hao 87 na wanajijua. Mtu hajalipa tangu mwaka juzi lakini ndiye anayedai pawatila yake! Pawatila ipi?

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, nakala za daftari zianze kupelekwa masjala ya wilaya kila robo mwaka, na kompyuta ikipatikana tutaona. Mirathi tutazungumza na wahusika. Pawatila haijafutwa, imesogezwa mbele.

Naomba kuwasilisha. Maswali kuhusu kabati yaulizwe baada ya kulipa ada. Mhazini amekaa pale mlangoni.