Mama Saidi, mwache mtoto acheze

Walukuba, Jinja

Mpendwa Mama Saidi,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo Bombo. Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo imetukalia kooni.

Barua yako imenifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Nimefurahi kusikia Saidi anasoma breli kwa vidole vyake bila kusukumwa. Ila huyo jirani aliyekuambia mpira ni wa wenye macho, kwamba mtoto akae ndani asije akaumia, ameniudhi sana. Kabla hujamsikiliza, nikueleze habari za mtu mmoja.

Anaitwa Ricardo Steinmetz Alves, na kwao Brazil wanamwita Ricardinho. Alizaliwa mwaka 1988 akiwa anaona, akaupenda mpira kama watoto wote wa kwao. Kisha retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, zikaanza kumharibikia, na akiwa bado mtoto mdogo, rika la Saidi wetu, macho yakawa yamekwisha kabisa. Alipelekwa shule ya wasioona mjini Porto Alegre, na mpira akaukuta huko huko. Mwaka 2006, kabla hajatimiza miaka 18, akatajwa kuwa mchezaji bora wa dunia katika soka la wasioona. Akatajwa tena 2014, na tena 2018. Dhahabu za Paralimpiki, ile Olimpiki ya watu wenye ulemavu, anazo nne: Beijing 2008, London 2012, Rio 2016 na Tokyo 2020. Ile ya Rio, Brazil ilishinda 1-0 dhidi ya Iran, na bao lilikuwa lake, mbele ya watu wa nchi yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo angeambiwa akae ndani, dunia ingekosa nini!

Sasa kuhusu kuumia, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo. Sitakudanganya, wanagongana. Lakini mchezo wenyewe umepangwa kwa kuijua hatari hiyo. Kila timu ina wachezaji watano, wanne hawaoni, na kipa peke yake ndiye anaruhusiwa kuona. Mpira una njuga ndani, kwa hiyo unapoviringika unasikika ulipo. Anayemwendea mwenye mpira ni lazima apaze sauti aseme "voy", mwenzake ajue kuna mtu anakuja. Akinyamaza, refa anapiga filimbi, ni faulo. Pembeni kwa urefu wa uwanja kuna mbao zinazofika kiunoni, mpira ukizigonga unarudi, na mchezaji akizigusa anajua mara moja amefika wapi. Uwanja ni mdogo pia, mita 40 kwa 20. Na wote wanne wanafungwa vitambaa machoni, hata asiyeona kabisa, kwa sababu wapo wanaoona mwanga kidogo na hiyo isingekuwa haki.

Halafu kuna sauti za kuwaongoza. Kipa anawaelekeza walio karibu na lango lake, kocha anaelekeza walio katikati, na nyuma ya lango la wapinzani anasimama mtu anayemwambia mshambuliaji: kushoto, mita sita, piga! Ikipigwa penalti, mtu huyo hugonga kwanza nguzo za goli, hii na hii, mpigaji apime kwa sikio upana wa lango. Ukimtazama Ricardinho akikokota mpira utaona unahama mguu wa kulia kwenda wa kushoto, wa kushoto kwenda wa kulia, haupotei hata kidogo, na kichwa kimeinama kidogo upande mmoja. Anausikiliza. Mabeki watatu wanamzunguka nao wanausikiliza. Mimi naona huo ni ufundi mkubwa kuliko mwingi tunaousifia kwenye televisheni Jumamosi.

Ndiyo maana watazamaji hukaa kimya. Wewe na mimi tumezoea uwanja wa Namboole, vuvuzela na ngoma mwanzo mpaka mwisho. Kwenye soka hili ukipiga kelele mpira ukiwa unachezwa, unawafunga masikio wachezaji. Bao likiingia ndipo uwanja unalipuka.

Na usidhani ni mambo ya Wabrazili tu. Kule Tokyo, Moroko iliifunga China 4-0 ikachukua shaba, timu ya kwanza ya Afrika kupata medali katika mchezo huu. Mwaka 2024 mjini Paris, Brazil iliyokuwa imebeba dhahabu zote tangu mchezo huu uingie Paralimpiki mwaka 2004, ilitolewa na Argentina kwa penalti katika nusu fainali. Fainali Wafaransa ndio waliomaliza kazi, wakawashinda Argentina chini ya mnara wa Eiffel, nao kwa penalti. Frédéric Villeroux ndiye aliyefunga ya mwisho. Nilimhurumia Ricardinho, lakini nilifurahi pia, kwa kuwa maana yake mlango uko wazi kwa wengine. Kwa nini wasiwe wetu?

Kinachonichoma ni kwamba huku kwetu watoto hawa wanaitwa kuimba. Kuna shule moja, sitaitaja, siku ya michezo watoto wasioona waliimba kumkaribisha mgeni rasmi, wakapigiwa makofi, kisha wakakalishwa chini ya mwembe mpaka jioni wenzao wakikimbia. Wana miguu mizima, Mama Saidi! Hakuna aliyewauliza kama wanataka kucheza.

Usingoje mpira wa njuga, ni ghali na madukani huupati. Chukua mpira wa kawaida, uvishe kavera mbili, mifuko ile ya plastiki, ufunge vizuri kwa uzi. Ukiviringika unachakarisha, na Saidi ataufuata. Mwanzoni aukanyage tu kwa wayo, ausukume kulia na kushoto akiwa amesimama, mpaka miguu iuzoee. Baadaye atembee nao, wewe ukiwa mbele yake unamwita. Kaka zake nao wafunge leso machoni wacheze naye, wataona nani anamshinda nani. Sehemu iwe tambarare na bila mawe, na yeyote anayemkaribia aseme.

Likizo ikifika mlete huku Jinja. Kuna mwalimu jirani yetu anakusanya watoto wasioona Jumamosi asubuhi, na mimi husimama nyuma ya goli kuwaita. Nauli ya kurudi nitatoa mimi, usihangaike. Niandikie tu anavaa viatu namba ngapi, maana mtaani kwetu kuna anayeuza vya mitumba vizuri, na vya watoto vinaisha mapema.

Msalimie sana Mzee, na huyo jirani pia.

Rafiki yako,
Mama Zaina