Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kusomea Usimamizi wa Wanyamapori

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa makini. Unataka kusomea usimamizi wa wanyamapori, nami nakuunga mkono kwa moyo wote. Ila ningependa uichague kazi hiyo ukiijua ilivyo, kwa sababu wengi huiingia kwa mapenzi ya wanyama, kisha hukata tamaa wanapoona kwamba siku zao nyingi hupita kati ya watu na hesabu.

Chukua habari ya nyumbu wa Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa takriban 250,000, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamezidi milioni 1, ingawa wao wenyewe hawakupewa chanjo. Waliochanjwa walikuwa ng'ombe wa wafugaji wa maeneo jirani, na sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe uliokuwa ukiua ndama wa nyumbu mwaka hadi mwaka, ukakosa mahali pa kuendelea kuishi. Nyumbu walipoongezeka walizila nyasi ambazo zingekauka na kuwaka, mioto ikapungua, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani kote. Mafanikio hayo yalihitaji daktari wa mifugo, mfugaji aliyekubali kuleta ng'ombe wake, rubani wa ndege ya kuhesabia wanyama, na mtaalamu aliyejua kukadiria kundi zima kutokana na sehemu ndogo iliyohesabiwa.

Kwa hiyo usilikwepe somo la takwimu, hata kama halikuvutii. Msimamizi asiyejua ni wanyama wangapi wanaozaliwa na wangapi wanaokufa hawezi kutambua kama doria zinapunguza ujangili, wala hawezi kumjibu anayedai kwamba tembo wamezidi.

Jifunze pia kumsikiliza mkulima. Mtu ambaye shamba lake limeliwa na tembo usiku mmoja hatakuelewa ukianza kumsomea sheria. Mpe pole kwanza, tathmini hasara pamoja naye, kisha mzungumze kuhusu uzio wa mizinga ya nyuki, ambao tembo huuogopa, au kuhusu kuiacha wazi njia ambayo wanyama wamezoea kuipita. Kwa maoni yangu, ushoroba, yaani njia kama hiyo ya wanyama, uliolindwa kwa ridhaa ya majirani hudumu kuliko ule unaolindwa kwa bunduki peke yake. Sisemi kwamba askari hawahitajiki: wapo wanaouawa wakiwa kazini, na jambo hilo linanitia hofu kama mzazi.

Kabla hujajaza fomu za chuo, omba kujitolea katika hifadhi wakati wa likizo, na usiishie kukaa na wakubwa ofisini. Fuatana na askari wa doria, wasaidie wanaotega kamera na kuchambua picha zake, uhudhurie mkutano wa kijiji wenye malalamiko. Ukirudi ukiwa bado unaitaka kazi hii, tutaketi pamoja tuchague chuo, nami nitagharimia masomo yako.

Mzazi wako akupendaye.