Doa la kadibodi ya fremu halitolewi kwa maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotufikia sisi mafundi wa fremu karibu kila wiki, hasa baada ya mahafali, watu wanapotundika vyeti na picha ukutani.

Katika fremu nyingi, kati ya kioo na picha, hukaa kadibodi iliyokatwa dirisha katikati. Kadibodi hiyo si pambo tu, kwani ndiyo inayoizuia picha isigusane na kioo na kunata humo wakati wa unyevu. Ikichafuka, wenye picha wengi hufungua fremu wakaifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kama wanavyofuta meza, na hapo doa dogo hugeuka kuwa doa kubwa lisilotoka.

Juzi mama mmoja aliniletea picha ya marehemu mumewe. Kwenye kona ya kadibodi nyeupe palikuwa na alama hafifu ya kidole gumba, na bila shaka ilikuwa ya fundi aliyeifunga picha ile. Binti yake aliisugua kwa pamba iliyolowa. Nilipoipokea, alama ya kidole ilikuwa bado ipo, na kuizunguka palikuwa na mstari wa rangi ya chai, umejipinda kama ule unaoachwa mchangani na maji ya bahari yakishapwa. Maji yakiingia kwenye karatasi huyeyusha uchafu uliomo, huusukuma hadi ukingoni mwa sehemu iliyolowa, na yakikauka huuacha papo hapo. Dawa ya kung'arishia nguo ni mbaya zaidi, kwa sababu huzidhoofisha nyuzi za karatasi zenyewe.

Kadibodi husafishwa ikiwa kavu, na kwa vifaa vikavu. Kwanza vumbi lipanguswe kwa brashi laini, maana ukilisugua utalizamisha. Kisha utumike ufutio mweupe wa plastiki, ulio safi, baada ya kuujaribu kwenye ukingo wa nje unaofichwa na mdomo wa fremu. Ufutio wa rangi huweza kuacha rangi yake, na ule mgumu huchuna karatasi. Mimi hupenda kuukwaruza ufutio mpaka uwe chembechembe, nikazimimina juu ya doa na kuzizungusha taratibu kwa ncha za vidole, halafu nikazipangusa zikiwa zimebeba uchafu. Zamani huko Ulaya, kabla ya ufutio wa mpira kujulikana katika karne ya 18, wachoraji walitumia sehemu laini ya ndani ya mkate, na kweli inafanya kazi, ila kwa hapa kwetu pwani sishauri, kwa maana makombo yakibaki ndani ya fremu umewaandalia wadudu karamu. Doa la mafuta ambalo ni jipya linaweza kupungua likinyunyiziwa unga wa chaki nyeupe na kuachwa usiku kucha. Kinyesi cha nzi au cha mjusi kiachwe kikauke kabisa, kisha kibanduliwe kwa ncha ya wembe. Kadibodi nyeusi au ya rangi iliyokolea isisuguliwe hata kidogo, kwa sababu hubaki na baka linalong'aa.

Mkato wa mshazari unaozunguka dirisha ndio unaoshika uchafu wa vidole upesi kuliko sehemu nyingine. Msasa laini, namba 400 au zaidi, ukipitishwa mara mbili tatu kuufuata mkato, huurudishia weupe wake.

Hata hivyo, kuna doa ambalo si uchafu. Mkato ukigeuka kahawia pande zote nne kwa usawa, jueni kwamba kadibodi yenyewe inaoza kwa asidi iliyomo ndani yake, kama gazeti linavyogeuka manjano likiachwa juani. Hilo halina ufutio wala msasa, na asidi ile huhamia kwenye picha. Dawa yake ni kuitoa kadibodi na kuweka isiyo na asidi, iwe ya pamba au ya karatasi iliyotibiwa, ambayo bei yake ni kubwa, nakiri.

Ninaowalaumu zaidi ni mafundi wenzangu. Tunapima na kukata kwa mikono yenye gundi na vumbi la mbao, tunapiga mistari ya penseli upande wa mbele badala ya nyuma, na mteja akirudi na alama za vidole vyetu tunamuuzia kadibodi mpya wakati kazi ya kufuta haizidi dakika kumi. Nao wanaosafisha ofisi na nyumba nawaomba wasinyunyizie dawa ya kioo moja kwa moja kwenye picha iliyotundikwa, kwa sababu huteremka hadi ukingo wa chini, hupenya nyuma ya kioo na kuilowesha kadibodi. Inyunyiziwe kwenye kitambaa, mbali na picha.

Wako mtiifu,
Fundi fremu,
Tanga