Acheni kuosha injini za zamani kwa mafuta ya taa

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenye magari ya zamani pamoja na mafundi wetu wa gereji za mtaani, maana hii tabia ya kuosha injini kwa mafuta ya taa au dizeli inaua magari ya watu na naona tumeizoea.

Juzi kati jirani yangu hapa Tabata kapeleka Toyota IST yake, zile za 2003, kumwaga oili. Fundi akamwambia injini chafu hii lazima tuiflashi, akamimina mafuta ya taa, akaiacha inaunguruma, akamwaga, akaweka oili mpya basi. Gari ikatoka inalia vizuri kabisa. Haikumaliza wiki, taa nyekundu ya oili ikawaka wakiwa Buguruni kwenye foleni na kabla hajapata pa kuegesha injini ikaanza kugonga. Sampo, lile beseni la oili chini ya injini, ilipofunguliwa nilikuwepo, nikaona lile chujio la pampu limezibwa na tope jeusi gumu kama makoko ya sufuria, matundu hayaonekani. Na ukichomoa kijiti cha kupimia oili, imejaa! Ipo chini, haipandi juu.

Tope la miaka yote hiyo haliyeyuki kwa dakika kumi jamani, linabanduka vipande vipande halafu pampu inavivuta. Na mafuta ya taa hayalainishi chuma, kwahiyo muda wote injini inapozunguka nayo bearingi zinasagana, na yanayobaki mle ndani yanaifanya oili mpya kuwa nyepesi.

Oili nzuri yenyewe ina dawa ya kusafisha. Weka oili sahihi na filta mpya, mwaga mapema, kilomita 2,000 au 3,000, rudia tena, uchafu utatoka taratibu. Ikiwa nyeusi haraka usiogope, inafanya kazi yake. Ila ukifungua kifuniko cha kuwekea oili ukakuta tope limeganda, mwambie fundi ashushe sampo aoshe chujio kwa mkono, hakuna njia ya mkato hapo.

Halafu hii ya kusema gari ni ya zamani na Dar kuna joto basi weka oili nzito ya 20W-50. Ile namba ya mwisho inapima uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, yaani joto la injini yenyewe, sio la Kariakoo saa saba mchana. Injini ya IST imetengenezewa 5W-30 na VVT-i yake, yaani mtambo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, inasukumwa na hiyo hiyo oili kupitia njia nyembamba sana, ukiweka nzito inachelewa, hasa asubuhi. Kama ringi za pistoni zimechoka na inakula oili, panda hadi 10W-40 sawa, ila ujue hujaitibu.

Na someni herufi kwenye dumu. Zinazoanza na S ni za petroli, SN, SP na SQ ndio za karibuni, SF ni ya magari ya miaka ya 80 lakini bado unauziwa dukani kwa sababu ni rahisi.

Ombi langu kwako mhariri, tafuta walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA wafundishao umakanika waeleze hili gazetini, kwa picha, mafundi wa mtaani wanasoma gazeti lako kila asubuhi.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam