Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Marehemu Baba Yetu, Marangu

Familia ya marehemu baba yetu, tuliyempumzisha katika kihamba chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, hapa Marangu msimu huu wa masika, inatoa shukrani za dhati kwa wanakijiji wote, ndugu, jamaa na marafiki waliokuwa bega kwa bega nasi tangu alipougua hadi siku tulipoanua matanga. Kumtaja kila mmoja kwa jina hatuwezi, ila yapo mambo ambayo tusingependa yapite bila kusemwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, waliomhudumia marehemu kwa upole na kutueleza hali yake pasipo kutuficha. Tunawashukuru pia mchungaji, wazee wa kanisa na kwaya ya usharika wetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wake.

Usiku wa kuamkia mazishi mvua ilinyesha bila kukatika, na asubuhi njia ya kuja nyumbani ilikuwa tope tupu, kiasi kwamba gari lililobeba jeneza lilikwama pale pale barabarani. Vijana wa kitongoji, ambao hakuna aliyewatuma, walikuwa wameshaamka kabla ya mapambazuko: wengine walitandaza magome ya migomba njiani, wengine wakachimba mtaro upande wa juu wa kaburi, na wawili wakapanda hadi kwenye banio, yaani lango la maji, kuufunga mfereji wa umwagiliaji ili maji yasishuke kihambani. Jeneza lilibebwa mabegani kwa kupokezana hadi uani, na halikuyumba hata mara moja. Baba, aliyekuwa msimamizi wa mfereji huo kwa miaka mingi na ambaye hakuwa mwepesi wa kuruhusu ufungwe nje ya zamu, safari hii naye asingekuwa na neno.

Akina mama mlituvusha. Mlikuja na mikungu ya ndizi, maziwa na kuni zilizofunikwa kwa turubai zisilowe, mkapika mtori na machalari kwa siku zote za msiba, na mama yetu hakuachwa peke yake hata usiku mmoja. Kwa hili hatuna cha kuwalipa.

Ndugu walioko Dar es Salaam, Arusha na nje ya nchi walituma michango kwa simu, na waliopo hapa waliitoa mkononi. Kamati ya mazishi imetukabidhi hesabu zote, na kwa ridhaa yetu zimebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa kuwa tunaamini aliyechanga ana haki ya kujua fedha yake ilitumikaje. Kiasi kilichobaki kimerudishwa katika mfuko wa kufa na kuzikana wa kitongoji.

Pamoja na shukrani hizi, tunaomba kuwatangazia mambo machache. Daftari la zamu za maji, ambalo marehemu alikuwa akiliandika kwa mkono wake na kulihifadhi juu ya kabati la vyombo, tumelikabidhi kwa kamati ya mfereji. Kwa hiyo wenye maswali kuhusu zamu zao wasipate taabu ya kuja nyumbani, bali waione kamati. Masufuria mawili makubwa, viti kadhaa vya plastiki na turubai moja la bluu bado viko kwetu bila wenyewe kujulikana, na wahusika wanaombwa kuvifuata.

Kikao cha ukoo kitakachopendekeza msimamizi wa mirathi, ili jina lake lipelekwe Mahakama ya Mwanzo, kitafanyika nyumbani kwa marehemu Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Yeyote aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, anaombwa kuieleza familia kabla ya siku hiyo, akiwa na maandishi au shahidi, kwa sababu madai yanayoibuka baada ya mirathi kugawanywa huwa yanaleta ugomvi ambao baba asingeupenda.

Ibada ya shukrani itafanyika usharikani Jumapili itakayofuata, katika ibada ya kwanza, na baada yake nyote mnakaribishwa nyumbani kwa chakula cha mchana.

Mjane, watoto na wajukuu wa marehemu,
Marangu, Kilimanjaro.