Risala ya Kundi la Afya kwa Mheshimiwa Burugumesta, Lubumbashi

Mheshimiwa Burugumesta, mgeni wetu wa heshima. Bwana Prefe, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibuni. Mwaka huu hatuombi kompyuta wala rangi ya kuta. Tunataka kusema juu ya mlango wa shule, pale ambapo saa ya mapumziko tunanunua sukre (soda), biskwi, shipsi za paketi na masosisi. Tukirudi nyumbani, bukari na lengalenga tunavigusagusa tu, na mama anadhani tunaumwa.

Sukre ya mililita 330 huwa na karibu gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Mtoto je?

Tena si sukari peke yake. Mwaka 2019, Marekani, mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 hospitalini: wiki mbili vyakula vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida. Sukari, mafuta na chumvi katika milo iliyoandaliwa viliwekwa sawa pande zote mbili, na kila mtu akaachwa ale apendavyo. Kwa vyakula vya kiwandani walikula kwa haraka zaidi, wakazidisha kalori 500 hivi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwa hiyo wazazi, msituite walafi upesi hivyo.

Wapo watakaosema kila mtu ajichunge mwenyewe. Chile haikungoja hilo: tangu 2016 bidhaa iliyozidi sukari, chumvi au mafuta hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane, na shuleni haiuzwi. Mexico ilitoza sukre kodi mwaka 2014, manunuzi yakashuka.

Kodi ni mambo ya Kinshasa, tunajua. Mlango huu uko katika komini yako. Tunaomba bidhaa hizo zisiuzwe hapa, lakini wamama wanaouza wasifukuzwe. Wengine ndio wanaotulipia masomo. Wapewe meza ndani ya uwanja wauze mayai, karanga, ndizi na kinywaji cha munkoyo kisichotiwa sukari nyingi, na mwaka wa kwanza wasamehewe ushuru.

La mwisho ndilo zito kuliko yote: bomba la maji ya kunywa uwanjani. Bila hilo, mwenye kiu atavuka barabara akafuate sukre, hata mkiweka polisi.

Aksanti sana, Mheshimiwa.