Mvua za tropiki: msisahau unyevu

Mhariri,

Taarifa za hali ya hewa hupenda kusema kwamba bahari ikipata joto, mvua inakuja. Maelezo hayo hayatoshi, na yanampotosha anayepanga kazi zake wiki tatu au nne mbele.

Chukua wimbi la mvua, yaani eneo kubwa la mawingu na mvua linalosafiri katika tropiki, lililoelezwa na wanasayansi wa hali ya hewa Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971. Mara nyingi huanzia juu ya Bahari ya Hindi, huenda mashariki kwa takriban mita 5 kwa sekunde, na hurudi baada ya siku 30 hadi 60. Kinacholilisha ni mvuke. Kilo moja ya mvuke ikigeuka matone huachia joto la jouli milioni 2.5 hivi, joto hilo huinua hewa, na hewa inayopanda huvuta upepo wenye unyevu kutoka pembeni. Mawingu ya juu nayo huzuia joto lisipotelee angani.

Lakini wingu halistawi katika hewa kavu. Hewa hiyo ikipenya ndani yake, matone hukauka, hewa hupoa na kuzama, na mnara wote wa wingu huporomoka. Ndiyo maana wimbi hutanguliwa na mawingu mafupi yanayolowesha anga ya chini kwa siku kadhaa. Yakikosekana, wimbi hudhoofika hata kama bahari ina nyuzi 29 za Selsiasi. Mawimbi mengi huvunjikia kwenye visiwa vya Indonesia, ambako milima na mvua za alasiri za nchi kavu huvuruga mpangilio huo.

Tunaomba taarifa zenu zitaje pia unyevu wa anga.